Diski zilipona, daftari la Hajati likagoma kufunguka

KAMPALA, mvua ya Novemba haibishi hodi. Alhamisi moja ya mwaka 2023 nilikuwa nimeketi sebuleni kwangu Bukoto na kikombe cha chai ya tangawizi, wingu likatanda kutoka upande wa ziwa, radi ikaanza kunguruma, na kabla sijamaliza chai umeme ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena. Mara ya tatu uliporudi, ulirudi na hasira. Taa ya barazani ilipasuka. Kutoka kwenye kistoo cha chini ya ngazi ikanijia harufu ambayo kila aliyefanya kazi na kompyuta anaijua, harufu ya plastiki iliyoungua.

Chini ya ngazi hiyo ndipo inapokaa seva yangu. Msomaji asidhani ni mtambo wa ajabu. Ni kompyuta ya ofisi iliyokwisha tumika, niliyorudi nayo kutoka Dubai mwaka 2017 ikiwa imefungwa ndani ya blanketi katikati ya mizigo. Kwa miaka tisa nilikuwa Deira nikitengeneza kompyuta za ofisi za wasafirishaji, na kama warudio wengi, nilirudi na ujuzi, vyombo vichache na imani kwamba nyumbani nitajiajiri. Nikaiongezea kumbukumbu, nikaipa diski kubwa mbili zinazonakiliana, na diski ndogo moja ya kuwashia. Kisha nikaanza kuwawekea wafanyabiashara vitabu vyao vya hesabu, kwa malipo ya mwezi yasiyofika bei ya gunia la mchele.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Hajati mmoja wa Busia, rafiki wa marehemu mama yangu. Yeye huagiza vitenge na vyombo vya plastiki. Mzigo hushuka Mombasa, hupita Malaba au Busia, na kutoka hapo huenda Mbale, Soroti, hata Juba. Kabla yangu hesabu zake zilikuwa kwenye madaftari manne yenye jalada jekundu, na la tano kichwani. Nilimshawishi ayaache. Nakumbuka maneno yangu kwa aibu: "Hajati, data zako zikiwa kwangu zimelala salama kuliko benki."

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Kompyuta moja yenye nguvu inaweza kugawanywa kwa programu maalumu ikajifanya kompyuta tatu au nne, kila moja ikiamini kuwa iko peke yake duniani. Hizo ndizo wataalamu wanaziita mashine pepe. Fikiria jengo la Kikuubo: paa moja, ukuta mmoja, lakini ndani vyumba arobaini na kila mwenye duka ana kufuli lake. Mimi natumia Proxmox, programu ya bure iliyotoka Austria mwaka 2008, ambayo kazi nzito inafanywa na KVM, kiungo kilichoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007. Katika seva yangu mashine namba 101 ilikuwa ya Hajati: Windows, na juu yake programu ya hesabu aliyoinunua kwa fedha yake. Namba 102 ni ya mafaili ya wateja wengine. Namba 103 ni ya picha za watoto na mambo ya nyumbani.

Sasa turudi kwenye ile harufu.

Nilikuwa na UPS, kile kiboksi cha betri kinachotakiwa kushika umeme unapoyumba. Betri yake ilikuwa imekufa tangu Agosti, nami nilijua. Kila wiki nilisema nitashuka mjini kununua nyingine. Hilo silisingizii mtu. Nchi yetu ina radi nyingi. Tororo, pale jirani na Malaba, iliwahi kuandikwa miongoni mwa rekodi za dunia kwa kupata karibu siku 250 za radi kwa mwaka. Na waliokuwapo mwaka 2006 hawajasahau mgawo wa umeme wakati maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, jenereta zikavuma mtaa mzima. Mabwawa yameongezeka tangu hapo, Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019 na Karuma mwaka 2024, lakini bwawa halizuii radi kuingia kwenye waya wa nyumba yako.

Usiku ule nilifungua seva kwa mwanga wa tochi ya simu. Diski mbili kubwa zilikuwa nzima. Nikashusha pumzi. Iliyoungua ni ile ndogo ya kuwashia. Nikamwambia mke wangu kwamba mambo ni madogo, kesho nitanunua diski nyingine, nitaweka Proxmox upya, kazi ya nusu saa.

Na kweli kuiweka upya kulichukua nusu saa. Saa nne asubuhi ya Ijumaa niliwasha, nikaingia kwenye ukurasa wa kuendeshea, nikaangalia orodha ya mashine. Orodha ilikuwa tupu. Diski za mali zilionekana, zimejaa kama nilivyoziacha. Lakini mashine 101, 102 na 103 hazikuwapo. Seva haikujua kwamba ziliwahi kuzaliwa.

Kumbe kila mashine pepe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni diski yake, ambayo ni faili kubwa la gigabaiti nyingi, ndimo zilimo Windows, hesabu na kila kitu. Ya pili ni faili dogo la maandishi, mistari isiyozidi ishirini, haifiki hata kilobaiti moja. Ndani yake imeandikwa mashine hii inaitwaje, ina kumbukumbu kiasi gani, inatumia vichakato vingapi, diski yake iko wapi, inawaka kwa njia gani, na kadi yake ya mtandao ina namba ipi. Ni cheti cha kuzaliwa. Kule Proxmox faili hilo linakaa kwenye diski ya mfumo, si kwenye diski ya mali. Mimi kwa miaka sita nilikuwa nanakili mali kila Jumapili kwenye diski ya nje, kwa uaminifu kama mtu anayekwenda sala, na wala sikuwahi kunakili cheti.

Saa nne na robo simu ikalia. Hajati.

"Asalaam alaikum, mwanangu. Daftari halifunguki."

"Waalaikum salaam, shikamoo Hajati. Umeme ulituchezea jana. Nipe saa moja."

"Marahaba. Saa moja ni nyingi. Huyu mtu wa Juba yuko hapa dukani, kesho alfajiri anaondoka na lori. Anasema ana deni la milioni 6. Mimi moyo unaniambia 9. Nimpe mzigo mpya au nisimpe?"

Ndugu msomaji, wewe unayefanya biashara ya mpakani unajua uzito wa swali hilo. Mtu wa Juba akishavuka Elegu na deni lisiloandikwa, utalidai kwa simu ambayo siku moja haitapatikana. Na ukimdai zaidi ya haki yake mbele ya watu, umempoteza yeye na wenzake watano anaosafiri nao. Lilikuwa jambo la karatasi moja tu, na karatasi yenyewe ilikuwa imefungiwa chini ya ngazi yangu.

Nilianza kuijenga mashine upya kwa kukumbuka. Mafaili ya diski yana namba ya mashine katika jina, kwa hiyo kujua ipi ni ya nani haikuwa taabu. Nikatengeneza mashine mpya 101, nikaipa kumbukumbu ya gigabaiti 4, nikaifunga diski ya Hajati, nikawasha. Skrini nyeusi, na maneno kwamba hakuna kitu cha kuwashia. Nikajaribu kubadilisha aina ya diski. Bado. Saa sita ikapita. Adhana ya Ijumaa ikasikika, sikuweza kuondoka.

Kilichoniokoa ni faili moja dogo nililokuwa nalidharau. Pembeni ya diski kubwa ya 101 palikuwa na nyingine ya megabaiti chache tu, nami nilidhani ni takataka. Nilipoiangalia vizuri nikakumbuka: mashine hii niliiweka iwake kwa mfumo mpya, UEFI, si kwa ule wa zamani wa BIOS ambao Proxmox huuchagua yenyewe usipoiambia vinginevyo. Kidiski kile ndicho kinachotunza kumbukumbu za kuwaka kwake. Nikabadilisha mstari mmoja, nikakifunga, nikawasha. Dirisha la Windows likatokea. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaja mbio.

Furaha haikudumu dakika tano. Windows ilinung'unika kidogo kuhusu uhalali wake lakini ikafunguka. Programu ya hesabu ndiyo iliyokataa katakata. Ilisema leseni hii ni ya kompyuta nyingine.

Programu nyingi za hesabu zinafanya hivyo. Ukiinunua, hujifunga kwenye namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta ile, namba yenye tarakimu na herufi 12, ili usije ukamgawia jirani. Mashine pepe haina kadi ya kweli. Namba yake ni ya kubuni, imeandikwa katika lile faili la mistari ishirini. Nilipotengeneza mashine mpya, Proxmox iliibunia namba mpya. Kwa macho ya programu, Hajati alikuwa mwizi. Nikampigia aliyetuuzia, simu yake haikupokelewa. Nikapiga namba ya pili iliyokuwa kwenye risiti, akapokea mtu anayeuza kuku.

Ikafika saa nane mchana, Hajati amepiga mara nne. Mara ya nne hakusalimia.

Nilikaa kwenye ngazi, nikaangalia ruta ya intaneti ukutani, taa zake zikimetameta kama kwamba hakuna kilichotokea. Ndipo nikakumbuka kwamba mashine ya Hajati nilikuwa nimeitengea anwani maalumu isiyobadilika, ili simu za dukani Busia ziipate bila kuhangaika. Na ruta haikutengei anwani kwa jina, inakutengea kwa namba ya kadi. Nikaingia ndani ya ruta, nikafungua orodha ya anwani zilizotengwa. Mstari wa pili: 101, na mbele yake herufi na tarakimu 12. Ruta ilikuwa imeungana na waya ule ule wa umeme, kwa nini haikuungua nayo ni jambo ambalo mpaka leo siwezi kulieleza.

Niliandika namba ile kwenye faili la mashine kwa vidole vinavyotetemeka, nikaisoma mara tatu, nikawasha. Saa kumi na dakika ishirini programu ikafunguka. Deni la mtu wa Juba halikuwa milioni 6 wala 9. Lilikuwa 7,850,000. Alipoonyeshwa tarehe na bidhaa moja moja hakubisha, alitoa milioni 5 pale pale, na zilizobaki zilifika Januari. Kuhusu mzigo mpya, Hajati alimpa nusu.

Watu huniuliza kwa nini nisiache mambo ya seva za nyumbani nikapeleka kila kitu kwenye makampuni makubwa ya ng'ambo. Baadhi ya kazi nimezipeleka. Lakini Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano, na aliyekuwa na hesabu zake Ireland au Marekani alikaa akitazama skrini. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini na Afrika Mashariki yote ikasuasua. Mambo mengine ya biashara hayangoji. Tangu mfumo wa EFRIS wa mamlaka ya mapato uanze, ule uliosababisha maduka ya Kampala kufungwa kwa mgomo Aprili 2024, ankara ya aliyesajiliwa kwa VAT lazima ipitie kwenye mtandao, na sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kwa hiyo nakala moja ikae karibu na nyingine mbali, ndivyo nionavyo mimi. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliiweka kwa hesabu rahisi katika kitabu chake cha mwaka 2005: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Waliopoteza vibanda Owino katika moto wa Februari 2009 hawahitaji kuelezwa hiyo ya tatu. Wala walioliona jengo kuu la Makerere likiwaka usiku ule wa Septemba 2020.

Tangu Ijumaa ile nimebadilisha utaratibu, na kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji mmerudi na vyombo kama vyangu, nitaeleza ninachofanya.

Nimeacha kunakili diski kwa mkono. Proxmox ina chombo chake, vzdump, ambacho kikichukua nakala ya mashine kinachukua na lile faili la mpangilio, vyote ndani ya furushi moja. Ukirejesha, inarudi na namba yake ya kadi na njia yake ya kuwaka. Laiti ningekitumia tangu mwanzo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini vzdump haichukui mambo ya seva yenyewe: jinsi mtandao ulivyopangwa, diski zipi zimesajiliwa wapi, kazi za usiku ulizoziandika. Hayo nayachukua mwenyewe kila usiku saa nane, kwa amri ya mistari mitatu inayofunga folda ya /etc yote na kuipeleka kwenye flashi na kwa ndugu yangu aliyeko Nairobi. Furushi zima halifiki ukubwa wa wimbo mmoja wa simu.

Hapo kuna mtego, na umemnasa rafiki yangu wa Ntinda. Yeye seva yake ilikufa lakini diski ya mfumo ikapona. Akaichomoa, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, akaifungua folda ya /etc/pve ambamo mafaili ya mashine hukaa, akaikuta tupu. Alikaribia kulia. Sababu ni kwamba folda ile si folda ya kawaida. Seva ikiwa hai huionyesha kutoka kwenye hazina moja iitwayo config.db, ambayo iko kwingine, ndani ya /var/lib/pve-cluster. Seva ikizimwa, dirisha linafungwa lakini ghala lipo. Tulilifungua faili hilo kwa programu ya SQLite, tukakuta kila mstari. Kwa hiyo mimi nachukua vyote viwili, folda wakati seva iko hai, na hazina yenyewe.

Wanaotumia KVM bila Proxmox, mafaili yenu yako /etc/libvirt/qemu. Amri ya virsh dumpxml itawapa cheti cha mashine moja moja. Wenye VirtualBox, tafuteni faili linaloishia na .vbox, na wenye VMware lile la .vmx. Kama mashine inawaka kwa UEFI, msisahau kile kidiski kidogo cha pembeni. Na furushi lenu lifungeni kwa nywila, maana ndani ya /etc/pve kuna sehemu ya siri yenye funguo. Anayeiokota flashi yako kwenye taksi ya Ntinda ameokota ufunguo wa nyumba. Tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya kulinda data za watu, na majina ya wadeni wa Hajati ni data za watu.

Kila baada ya miezi mitatu natoa diski ya pembeni, naweka Proxmox mpya, na kujaribu kuifufua mashine 101 kwa nakala pekee bila kuigusa seva. Mara ya kwanza ilishindikana. Nywila ya furushi nilikuwa nimeiandika mahali pamoja tu, ndani ya furushi lenyewe. Mke wangu alicheka siku nzima.

Betri ya UPS nilinunua Jumatatu iliyofuata.

Na mwisho niliichapa ile mistari ya mashine 101 kwenye karatasi, nikaitia ndani ya bahasha, nikampelekea Hajati kwa mkono pale Busia. Aliigeuza, akaifungua, akasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti, akauliza deni la nani limeandikwa humu. Nikamwambia hakuna deni, ni jina la kompyuta yake. Akaiweka chini ya madaftari yale manne mekundu, ambayo kumbe hakuwahi kuyatupa.

"Basi andika na namba yako ya simu juu yake," akasema. "Nikifa, watoto wajue wamuulize nani."